Mti Usio na Asili

Chanika, Handeni
9 Februari 2025

Binamu Gerald,

Mimi na mama tu wazima. Mama ana kikohozi cha vumbi la barabarani, lakini kwa kuwa hajanyamaza hata siku moja, naamini mapafu yake yako salama. Mbuzi wa jirani wamekula mchicha wetu wote, wakabakiza fensi. Mfikishie shangazi shikamoo yangu, umwambie zile ndizi za Krismasi zilifika zimepondeka kwa sababu alimpa mwanawe azibebe.

Umemlalamikia mama kwamba nimekufungia namba. Ni kweli. Ulinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa, na dakika nne za mwanzo ulikuwa unatafuta kivuli cha kusimama. Andika barua. Kondakta wa basi la asubuhi anatujua, ataileta. Mtu akiandika hulazimika kufikiri kabla ya kusema, na kwako hilo litakuwa jambo geni lenye faida.

Nasikia unawaambia watu wa Masuguru kwamba "nacheza kompyuta". Basi nieleze mara moja tu. Unapofika shambani ukabonyeza kwenye simu kwamba mti umepandwa, au umekaguliwa, au umekufa, habari hiyo inaandikwa kwenye blokcheni. Hilo ni daftari ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi duniani, na kilichoandikwa humo hakifutiki, hata mwenye mradi wa miti akitaka. Ila limeandikwa kwa mfuatano wa saa tu. Mti wa Makuyuni umebanwa katikati ya mambo laki moja ya watu wasiojua Makuyuni iko wapi. Watengeneza programu wa mradi wakitaka kujua miti ya mkulima mmoja, wangepekua mpaka waote mvi. Mimi ndiye ninayelisoma daftari, tukio baada ya tukio, na kuyapanga kwenye faharasa: nani, wapi, mti gani, lini. Wao wanaiuliza faharasa yangu, nayo inawajibu kabla hawajapepesa macho. Kisichokuwemo kwenye faharasa hiyo, kwao hakipo duniani.

Na faharasa hiyo imewakamata watu wako. Huko Makuyuni wako wakulima thelathini na mmoja ambao mitiki yao inakaguliwa kila mwaka, lakini haina tukio la kupandwa. Imechomoza tu, kama uyoga. Nimeipa jina: mti usio na asili. Ofisi imelipenda jina hilo, imeliweka kwenye ripoti kwa herufi nene. Bila shaka ni miti ya zamani ya marehemu wazee wao, wanajipachika ili nao waitwe wapandaji. Ujanja wa kitoto. Wasipojieleza, tarehe 30 Juni wanaondolewa kwenye mradi.

Wewe ndiye mkaguzi wa kata hiyo. Ulikuwa wapi?

Ritha


Masuguru, Korogwe
23 Februari 2025

Mtani wangu Ritha, uliyetuzidi sote akili,

Sisi hatujambo. Mvua bado, na mto umenywea hadi mawe yanaonekana mgongo. Mama anaitikia marahaba. Kuhusu ndizi anasema zilipondeka kwa sababu zilikuwa zimeiva. Ndizi mbichi haipondeki, wala haina utamu, na akaniambia nikuandikie hivyo hivyo.

Mimi ni mtoto wa shangazi yako, wewe ni mtoto wa mjomba wangu. Mila inaturuhusu tutukanane mpaka uzee, na hakuna mwenye haki ya kununa. Kwa hiyo barua yako niliianza nikicheka. Nilicheka mpaka kwenye uyoga.

Ripoti yenu imebandikwa ofisi ya kijiji, Makuyuni. Haina majina, ina namba tu, lakini kila mtu kijijini anaijua namba yake na ya jirani yake. Ya tatu kutoka juu ni 0417. Huyo ni mama. Paulina Fransisko, dada wa baba yako, katibu wa kikundi cha wapanda miti tangu siku ya kwanza. Katika wale thelathini na mmoja, thelathini ni watu aliowadhamini yeye kwa sahihi yake.

Ile mitiki nimeipita Jumamosi. Imenizidi urefu. Nilisimama kivulini mwake nikasoma karatasi inayosema haina asili.

Babu yetu Fransisko aliletwa Korogwe kukata mkonge akiwa manamba. Makarani wa shamba hawakumwita jina, walimwita namba, na mpaka anakufa alikuwa akiikumbuka. Mjukuu wake kasomeshwa hadi chuo kikuu, kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kamwita binti wa babu huyo namba, kisha kamwita mwongo. Hongera. Ukoo umesonga mbele.

Masika ya 2022 miti ile niliibonyeza mimi, mmoja mmoja, nikiwa nimevaa buti za mvua za mama kwa sababu zangu zilivuja. Sasa niambie wewe imekwenda wapi.

Gerald


Chanika, Handeni
2 Machi 2025

Binamu,

Kikohozi cha mama kimepungua. Fensi imetengenezwa upya na mbuzi wanaitazama kwa dharau. Shikamoo nyingi kwa shangazi.

Sikujua kwamba 0417 ni yeye. Kwenye daftari hatuweki majina kwa sababu ya siri za watu. Lakini hata ningejua, nisingebadilisha chochote. Daftari halina shangazi wala mjomba. Ndiyo maana linaaminika, na ndiyo maana kazi hii haikupewa mtu kama wewe.

Umeniandikia mambo ya manamba ili nione aibu. Nimeyasoma. Ni maneno mazuri ya kusemea matangani. Hayajibu swali. Njia ni mbili tu: ama shangazi hakupanda, ama wewe hukubonyeza. Shangazi namjua. Na wewe nakujua. Mwaka huo ulikuwa unashinda kwenye meza ya pool pale stendi, na kila mtu Masuguru anaweza kuapa. Utakuwa ulibonyeza simu haina mtandao, ukairudisha mfukoni, ukaenda zako.

Basi fanya jambo moja la kiume. Iandikie ofisi, kwa mkono wako na sahihi yako, kwamba hukurekodi. Watakuondoa wewe na kumwacha mama yako. Najua barua hiyo itakuwa fupi; kweli huwa fupi. Iandike mwezi huu.

Ritha


Masuguru
6 Aprili 2025

Ritha,

Hatujambo. Mvua imeanza. Daraja dogo la kwenda Makuyuni lilikwenda na maji, ndiyo sababu ya kuchelewa. Sababu nyingine sitaiandika.

Ile barua yako ya kiume niliiandika. Nilisema sikurekodi. Nikampelekea mama aisome kabla sijaituma, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Aliisoma hadi mwisho, akasahihisha neno moja, kisha akaichana vipande vinne na kuwashia jiko. Akasema, "Hakuna atakayesema uongo kwa ajili yangu. Uongo ni mzigo, na anayeubeba siye anayepewa pole."

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kikundi, Habakuki, alifika kwake na wazee wawili. Alikuwa na adabu, alivua kofia. Alisema si kwamba wanamshuku, ila watu wanasema, kwa hiyo ni vizuri mhuri wa kikundi na daftari vikae kwake kwanza. Mama akavifuta vumbi, akampa. Tangu siku hiyo haendi Jumuiya ya kanisa. Anasema ana palizi. Palizi gani, mahindi hayajafika kidole.

Nina swali moja. Faharasa yako umeanzia wapi?

Gerald


Chanika
9 Aprili 2025

Gerald,

Mama mzima, mbuzi wazima. Shikamoo kwa shangazi.

"Umeanzia wapi." Swali hilo si lako. Sauti yake si yako, hata mwandiko wako umelishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Nani kakupa?

Nitalijibu kwa sababu sina cha kuficha. Kila anayetengeneza faharasa huchagua ukurasa wa kuanzia. Hakuna anayesoma daftari la dunia nzima tangu uumbaji. Nimeanzia ukurasa wa kwanza wa daftari la pili la mradi, Januari 2023. Kabla yake palikuwa na la kwanza, la majaribio, lililotengenezwa na mtu ambaye hayuko tena kwenye mradi na ambaye kazi yake haikustahili kusomwa. Ofisi ya sasa ni ya watu wapya. Waliniuliza kama mle kuna kitu cha maana, nikawaambia hamna. Fundi hajengi juu ya tope.

Usiniulize tena mambo ya kitaalamu uliyookota vijiweni. Na kuhusu shangazi, mwambie aende Jumuiya. Asiye na kosa hajifungii ndani.

R.


Masuguru
4 Mei 2025

Ritha,

Mama yako Loyce na kikohozi chake tunawasalimu. Pasaka imepita, hukuja. Upepo wa wiki ile uling'oa bati la jiko la mama, nimelirudisha.

Sentensi ya mwisho ya barua yako sikumfikishia.

Swali si langu, umesema kweli. Ni la Denis, huyo huyo aliyelitengeneza daftari la kwanza. Ndiyo, nimeliandika hilo jina. Nyumbani kwetu halitajwi tangu Oktoba 2022, kwa amri ya mama, na mama aliiweka amri hiyo kwa ajili yako. Mwezi wa tatu nilimfuata Old Korogwe, sasa anafundisha hesabu. Nilimweleza kuhusu ile miti. Hakukutaja, hakukulaumu, hakuuliza umeolewa au la. Alisema, "Muulize ameanzia wapi," akarudi darasani. Sentensi hiyo nimeitembeza mfukoni wiki tatu kabla ya kukuandikia, nikitafuta namna ya kuifikisha bila kumtaja mwenyewe. Wewe na faharasa yako mngenisaidia.

Sasa sikiliza jambo ambalo halimo kwenye daftari lako lolote. Barua ya posa ya Denis ilipokelewa na mama, kama ilivyo desturi. Shangazi ndiye mlango. Ulikuwa umekubali. Nguo ilishashonwa. Kisha ukamtumia mama ujumbe: "Shangazi, irudishe. Usiniulize." Hakukuuliza. Alikwenda Old Korogwe kwa miguu, mimi nimemshikia mkoba. Akaiweka bahasha mezani mbele ya wazazi wa Denis na wajomba zake wawili, akasema: "Binti hana neno. Mimi ndiye niliyekataa." Walimuuliza kasoro ya kijana wao ni ipi. Wakamwambia maneno, akayasikiliza yote akiwa amesimama, maana hawakumpa kiti. Mpaka leo mama yake Denis akimwona kanisani huhama benchi.

Huo ndio uongo pekee wa mama ninaoujua. Uliusababisha wewe, akaubeba yeye. Na wewe umeamua daftari la kwanza ni tope. Je, ulilifungua?

Andika upesi. Tarehe 30 Juni haina shangazi wala mjomba.

Gerald


Chanika
25 Mei 2025

Gerald,

Mama anawasalimu. Leo sina habari za mbuzi.

Sikulifungua.

Nimechelewa kwa sababu nilikaa siku tano nikitafuta maneno ya kukutukania, maana nina kipaji hicho na nilitaka kukitumia. Siku ya sita nikawasha kompyuta ili nikuonyeshe tope lenyewe. Nilitaka sana liwe tope. Nilikuta kazi safi, Gerald. Kila tukio limetajwa kwa jina lake, hakuna kilichorundikwa. Mimi nilipoanza kazi nilinakili namna yake ya kupanga majina kutoka kwenye daftari la pili, nikidhani ni ya aliyemfuata. Nimekuwa nikimdharau mtu kwa miaka miwili kwa kutumia chombo chake.

Nimeirudisha faharasa nyuma mpaka ukurasa wake wa kwanza, na nimeiacha isome upya. Imechukua siku nne. Wote thelathini na mmoja wamo. Kwamba mimi, ninayejiita msomaji, nilimwambia mwajiri wangu "hamna kitu" kuhusu kitabu nisichokifunua, na kwamba nilikuita wewe mzembe katika barua hiyo hiyo niliyojisifu, hayo naomba uyacheke kwa sauti, taratibu, na pale stendi ukitaka. Nimekuruhusu. Mila pia imekuruhusu.

Sababu ya kurudisha ile posa sitaiandika. Haikuwa kosa la Denis wala la shangazi. Iishie hapo.

Ofisi nimeshaiandikia, na ile ripoti imeondolewa. Lakini aliyevuliwa heshima mbele ya watu harudishiwi kwa barua pepe. Karatasi ya pili humu ndani ni ya kikundi. Isome kwa sauti kwenye mkutano. Usiruke sentensi ya tatu, hata shangazi akikukonyeza.

Ritha

(Karatasi ya pili)

Kwa wanakikundi wa Makuyuni: Jina langu ni Ritha, binti wa marehemu kaka yake katibu wenu. Mimi ndiye niliyetengeneza orodha iliyosema miti yenu haina asili, na jina hilo nililibuni mimi. Orodha ilianzia katikati ya kazi yenu kwa sababu sikutaka kusoma mkono wa mtu niliyemkosea. Hamkusema uongo, na mkaguzi wenu hakukosea. Namba 0417, Paulina Fransisko: alipanda mitiki mia moja na kumi na miwili kati ya tarehe 12 na 14 Aprili 2022, yote ikarekodiwa na Gerald siku hizo hizo. Tisa ilikufa, na kila kifo alikiripoti yeye mwenyewe. Imesimama mia moja na mitatu. Ninyi nyote mmo vivyo hivyo, na yeyote duniani akiuliza sasa, hivyo ndivyo atakavyojibiwa.


Makuyuni
8 Juni 2025

Mtani,

Salamu kwa mama yako. Nakuandikia nikiwa kwa mama, juu ya mfuko wa mahindi, kalamu yenyewe nimeazima.

Mkutano ulikuwa jana, saa nne, mbele ya ofisi ya kijiji. Habakuki alifungua kwa sala ndefu; alishajua kilichomo kwenye karatasi yako. Mama alikaa nyuma kabisa, mkono shavuni, kama mtu aliyefika kwenye msiba wa mbali. Nilisoma. Kwenye sentensi ya tatu alinikonyeza. Sikuruka. Mzee mmoja akacheka na kusema kumbe hata kompyuta zinanuna. Nilipofika kwenye hesabu yake, kina mama wakaanza vigelegele.

Mama akasimama, akawanyamazisha kwa mkono. Nilidhani atashukuru, au atamsema Habakuki, na haki alikuwa nayo. Akasema:

"Si mia moja na mitatu. Ni mia moja na miwili. Mmoja uling'olewa na upepo wiki ya Pasaka, na siku hiyo hapakuwa na katibu wa kuuandika."

Akaketi.

Habakuki alivua kofia, safari hii bila kuangalia nani anamtazama. Akambebea mhuri na daftari mpaka kule nyuma, akaviweka magotini mwake kwa mikono miwili. Mama hakuvigusa. Aliniangalia mimi. Ikabidi nitoe simu mbele ya watu wote, nitafute namba ya mti, nibonyeze: umekufa. Tulisubiri mtandao, watu sitini, kimya, kama tunaozika. Ulipokubali, ndipo akafungua kibweta cha wino.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza atakuambia nini. Alitembea hatua nyingi. Akasema, "Mwambie anipelekee mwenyewe neno la ile posa Old Korogwe. Mimi miguu inauma."

Kwa hiyo tukio moja litakuwa limekufikia kabla ya barua hii, jana saa sita kasoro, mti wa themanini na nane wa 0417. Lipange mahali pake. Hilo jingine halina kitufe, itabidi upande basi.

Gerald